Suti ya Mtu Aliye Hai

Hofu niliyokuwa nayo mwaka ule ilikuwa na mahali pake hasa: vyumba viwili vya mwisho katika mstari wa nyumba za kambi ya mkonge, nje kidogo ya mji wa Korogwe. Humo aliishi mzee mmoja Mnyamwezi, mkata mkonge mstaafu, pamoja na mkewe ambaye miguu yake ilikuwa haimbebi tena. Shamba lilikuwa limepata mwenyewe mpya, kama yalivyopata mashamba mengi katika miaka ile ya soko huria, na mwenyewe huyo alikubali kuwaachia nyumba za kambi wazee waliozeekea humo, ila si wote. Iliundwa kamati ya kuwachagua. Mwenyekiti wa kamati alikuwa mtu yule yule niliyekuwa nimemtungia tamthilia ya nyimbo, na mzee wa vyumba viwili ndiye aliyekuwa amwigize jukwaani.

Nayasema haya mapema ili msomaji asidhani kwamba niliogopa polisi, au barua ya kuhamishwa kituo cha kazi. Hayo nayo yaliogopwa, maana vyama vingi vilikuwa vimeruhusiwa juzi tu na watu walikuwa bado wanageuka nyuma kabla ya kusema neno. Lakini mimi nilikuwa mwalimu kijana, sina mume wala mtoto, na kwa mwalimu wa aina hiyo uhamisho ni safari tu. Niliyemwogopea ni mzee yule, kwa kuwa ni mimi niliyemtia katika jambo lile.

Mwenyekiti huyo nitamwita Mheshimiwa, kama tulivyomwita wote. Alikuwa Mzigua wa Kwaluguru. Katika miaka ya kuhamishia watu vijijini alikuwa ofisa kijana aliyekabidhiwa sehemu kubwa ya Handeni, na kwetu Misima, nilikozaliwa, alikumbukwa kwa moto. Nilikuwa na umri wa miaka tisa. Alifika asubuhi na mgambo, akasoma karatasi, akatupa muda hadi adhuhuri. Mama alitoa kitanda, vyungu na jiwe la kusagia. Baba hakutoa chochote, alisimama tu akitazama nyasi za paa alizoziezeka mwezi mmoja kabla. Adhuhuri ilipofika mgambo mmoja aligusa ukingo wa paa kwa kijinga cha moto. Mheshimiwa alipita mbele ya nyumba zetu saba zikiwaka, mikono nyuma, mwili umeinama mbele kidogo, unyayo wa mguu wa kulia ukitazama nje kila alipokanyaga. Hakuharakisha. Mwendo huo niliuona siku ile moja, na sikuusahau.

Kwaluguru alikumbukwa kwa maji. Kisima kile cha pampu, ambacho wanawake wa huko bado walikuwa wakikitumia nilipokuwa mtu mzima, alikipigania yeye, na inasemekana aligombana na wakubwa zake mpaka akakaribia kupoteza kazi. Sikupata kumsikia mtu wa Misima akikikana kisima, wala mtu wa Kwaluguru akiukana moto. Kila upande ulinyamazia cha wenzao.

Kikundi chetu cha sanaa cha walimu kilipoombwa kuandaa mchezo wa kuufungua upya ukumbi wa mji, nilisema kwamba nitaandika juu ya ukimya huo. Mpango wangu ulikuwa hivi. Wimbo wa kwanza ni wa maji: waimbe watu wa Kwaluguru wenyewe kwa ngoma yao ya selo. Kisha aingie Mheshimiwa wa jukwaani, avuke jukwaa bila neno, ili hadhira imtambue kwa mwendo. Wimbo wa pili ni wa moto: waimbe kwaya ya Misima, polepole, bila ngoma. Wimbo wa tatu ni wake mwenyewe, anajibu. Huo wa tatu niliupa beti bora kuliko zote, kwa sababu nilikuwa nimefundishwa, na bado naamini, kwamba mtu wa jukwaani asipopewa hoja yenye nguvu, hadhira humhurumia yeye na kumchukia mtunzi. Sikutaka kumhukumu. Nilitaka tu mambo mawili yaliyo kweli yasemwe chini ya paa moja.

Ofisa utamaduni aliyetoa kibali aliisoma hati yangu mbele yangu, ukurasa kwa ukurasa, akilowesha kidole.

"Mwalimu, huyu mtu hana jina humu ndani."

"Hana, mzee."

"Ila anajulikana."

"Wanaomjua watamjua."

Aliufunga mfuniko wa kidau cha wino, akaufungua tena. "Kwenye karatasi sioni kosa," alisema. "Kosa huwa linaingia mtu akishafungua mdomo. Haya." Akagonga muhuri.

Kilichobaki ni kumpata mwigizaji, na hakupatikana. Mwalimu wa hisabati, mwenye sauti nzuri kuliko sote, alisema ana watoto wanne. Mwingine alisema anaumwa mgongo. Hapo ndipo nilipopata wazo ambalo wakati ule niliona limekamilika pande zote. Sisi Wazigua ni watani wa Wanyamwezi. Mnyamwezi anaweza kumwambia Mzigua jambo ambalo ndugu yake wa damu hathubutu, na Mzigua akikasirika ndiye anayechekwa. Nikaandika katika daftari langu: mtani hashitakiwi. Kisha nikapanda baiskeli kwenda kambini.

Mzee alikuwa amekaa kizingitini akimenya mihogo kwa mkono wenye vidole vitatu; viwili vilichukuliwa ujanani mwake na korona, mashine ya kukamua nyuzi za mkonge.

"Shikamoo, mtani."

"Marahaba. Ingawa mtumwa wangu haamkii akiwa juu ya baiskeli. Hushuka, akapiga magoti, akauliza bwana wake amekula nini."

"Bwana wangu amekula nini?"

"Hajala. Alikuwa anamsubiri mtumwa alete chumvi."

Nilipomweleza haja yangu aliweka kisu chini, akacheka mpaka akakohoa. "Yule? Nimemzika baba yake. Mama yake nimemzika, nikavaa kanga zake nikazunguka uwanja mzima nikidai ugali wangu, mpaka wanawe wakasahau kulia. Yule namjua kuliko anavyojijua." Akafuta mdomo. "Lakini siwezi kuwa yeye ndani ya suruali yangu. Niletee nguo yake. Yake hasa, aliyoivaa."

Nilidhani ni sharti la ufundi, kama seremala anavyodai randa yake. Niliandika na hilo.

Mkewe aliita kutoka kitandani, ndani ya chumba. "Na nyumba?"

"Nyumba imefanya nini?" mzee aliuliza.

"Mwenyekiti ni yeye."

"Mzigua amfukuze Mnyamwezi kwa sababu ya utani? Atachekwa mpaka Tabora."

"Na sisi wakati huo," mkewe alisema, "tutakuwa tunachekea wapi?"

Mzee aliokota tena kisu chake. Alinikabidhi mhogo mmoja mbichi, akaniambia niende nikatafute nguo.

Nilipanda lori la mahindi hadi Kwaluguru, kwa dada yake Mheshimiwa, mjane aliyekuwa kiongozi wa kikundi cha selo na aliyekuwa anajua kwamba kuna mchezo. Alifungua sanduku la bati, akatoa suti ya mikono mifupi, rangi ya majivu, yenye mifuko minne, aina iliyovaliwa na maofisa wote wa zama zile. Aliipapasa kola.

"Hii alikuwa nayo wakati wa kisima," alisema. "Ni ya mchezo, mwanangu?"

"Ni ya mchezo, mama."

"Ataivaa nani?"

"Mzee mmoja wa kambini, Korogwe."

Sikusema kwamba ni Mnyamwezi. Sikuficha, hakuniuliza kabila lake, nami sikuona umuhimu wake. Nimekirudia kipande hicho cha mazungumzo mara nyingi kuliko sehemu yoyote ya tamthilia yangu. Laiti ningesema neno hilo moja, angeirudisha suti sandukuni.

Kwa maana mimi, niliyesoma vitabu vingi juu ya sanaa ya kuigiza, nilikuwa nimesahau jambo ambalo kila mtoto wa Kizigua amelishuhudia uwanjani kwao. Mtani humtania aliye hai kwa maneno. Nguo na mwendo huvitumia msibani tu. Mtu akishazikwa, mtani huvaa vazi la marehemu, hutembea kama marehemu, hudai sufuria na kuku wa marehemu, na hapo ndipo wanawake wa ukoo hujua kwamba ndugu yao kweli amekwenda, wakalia na kucheka kwa pamoja. Mzee naye hakuwa na hila. Alikuwa ameombwa amwigize mtu, na yeye alijua njia moja tu ya kumwigiza mtu.

Mazoezini, ambako kikundi cha selo hakikuwepo kwa kuwa kilijizoeza kwao Kwaluguru, mzee alinitisha. Alipoivaa suti ile kwa mara ya kwanza na kuvuka darasa, mikono nyuma, unyayo wa kulia ukitazama nje, waimbaji wa kwaya ya Misima walirudi nyuma mpaka wakagusa ubao. Mmoja wao, mama wa makamo, alishika ukingo wa dawati na hakuliachia mpaka tulipomaliza. Nilijiambia kwamba hiyo ndiyo nguvu ya sanaa.

Siku mbili kabla ya onyesho ofisa utamaduni alinikuta sokoni, akaniambia kwa furaha kwamba mgeni rasmi amepatikana.

"Mchezo unamhusu," alisema. "Ingekuwa utovu wa adabu asialikwe. Amekubali. Tena atapita hapa akitoka kwenye kikao cha mwisho cha kamati ya nyumba. Majina yatabandikwa Jumatano."

Nilikwenda kambini jioni ile ile. Nilimwambia mzee kwamba namtoa katika mchezo, kwamba nitatafuta mtu mwingine, au nitaufuta kabisa. Alinisikiliza akiwa amekaa pale pale kizingitini.

"Nimekwisha kusema kwa muuza kahawa," alisema. "Nikijitoa leo watasema Mnyamwezi amemwogopa Mzigua."

"Waseme."

"Wewe huishi nao." Lakini safari hii hakucheka. Ndani ya chumba mkewe alikuwa amegeukia ukutani.

Onyesho lilianza saa kumi alasiri, siku ya Jumamosi. Ukumbi ulijaa. Watu wa Kwaluguru walikaa kulia na wa Misima kushoto, bila kupangwa na mtu. Mheshimiwa alifika na vijana wawili, akakaa mstari wa mbele, katikati, amevaa shati jeupe. Alikuwa amenenepa na nywele zimekuwa nyeupe, lakini alipokuja kukaa nilimtambua kwa unyayo. Mimi nilisimama pembeni mwa jukwaa, nyuma ya pazia, na hati mkononi. Kila ukurasa ulikuwa umelowa mahali nilipoushika.

Wimbo wa maji ulikwenda vizuri. Dada yake Mheshimiwa aliuongoza mwenyewe, na kaka yake alitikisa kichwa kwa kufuata ngoma. Wanawake wa Kwaluguru walishuka, wakakaa mbele, karibu na jukwaa. Kisha kimya, kama nilivyoandika. Kisha mzee akaingia.

Alivuka nusu ya jukwaa. Nilisikia mtu akivuta pumzi. Dada yake Mheshimiwa alinyanyua uso, akaitazama suti, akautazama mwendo, akamtazama usoni aliyekuwa ndani ya suti, na hapo akamtambua: ndiye yule aliyevaa kanga za mama yake msibani. Alifungua kanga ya kichwani, akaifunga kiunoni, akalia. Hakulia kama mtu aliyeshtuka. Alilia kilio kile kinachojulikana, chenye mwanzo na mapumziko yake, akimwita kaka yake, kaka aliyeleta maji, amemwachia nani. Wanawake wenzake walimwitikia kabla hajamaliza. Sidhani kama yeyote kati yao alifikiri. Mtani alikuwa amekwisha vaa nguo. Lililobaki lilikuwa lao.

Na mzee, ambaye kwa zaidi ya miaka thelathini alikuwa akikijibu kilio hicho, alikijibu. Aliiacha hati yangu yote. "Nipisheni, jamani," alisema, mikono nyuma, "mimi ndiye marehemu. Nimesahau sufuria zangu. Na yule jogoo mwekundu, msimchinje, namtaka." Wanawake walicheka huku wakilia. Nyuma ukumbini wengine wakaanza kulia pia, kwa kuwa kilio cha msiba hakiulizwi sababu. Marehemu alikuwa amekaa mstari wa mbele, na shati lake jeupe. Vijana wake wawili, mmoja huku na mmoja kule, nao walikuwa Wazigua. Niliwaona wakisogeza viti vyao mbali naye, polepole, mpaka akabaki peke yake katikati ya nafasi tupu.

Sijapata kuogopa vile tena. Tulikuwa tumemzika mtu aliye hai, mbele ya macho yake, kwa mdomo wa dada yake mwenyewe, na yeye ndiye aliyekuwa na karatasi ya majina mfukoni.

Mheshimiwa aliinuka. Alipanda ngazi tatu za jukwaa, na kwa kitambo kidogo kulikuwa na watu wawili wenye mwendo mmoja wakikaribiana. Kilio kilikatika kwa wengi, kikabaki kwa dada yake.

"Mtani," alisema.

Mzee alikuwa ameshika kifungo cha suti kwa vile vidole vitatu. Niliona usoni mwake kwamba ndipo alipotambua alichokifanya.

"Nani kakupa ruhusa ya kunizika?"

"Nilikuwa naigiza, Mheshimiwa."

Mtani hamwiti mtani wake mheshimiwa. Ukumbi mzima ulilisikia neno hilo na hakuna aliyecheka.

"Vua."

Mzee alivua. Ndani alikuwa na fulana ya mtumba iliyotoboka kwapani. Mheshimiwa aliichukua suti, akaikunja mkononi bila kuiangalia, akawageukia wanawake. "Nyamazeni, sijafa." Wakanyamaza, hata dada yake. Kisha akamgeukia tena mzee, na sauti yake haikuwa kubwa, lakini hakukuwa na sauti nyingine ukumbini.

"Baba yangu ulimzika wewe. Mama yangu ulimzika wewe. Na mimi utanizika, siku yangu ikifika, si leo. Kwa hiyo huendi popote. Umesikia? Mpaka siku hiyo nataka nijue unalala wapi."

Watu wachache walicheka, wakidhani utani umerudi mahali pake. Labda ulikuwa umerudi. Mimi nilimtazama usoni kwa umakini niliofundishwa kutumia katika kusoma, na sikuweza kujua.

Kabla ya kushuka aliniona nyuma ya pazia. "Mwalimu, kuna wimbo mwingine?"

Kwaya ya Misima ilikuwa imekwisha panda jukwaani upande wa kushoto, watu kumi na wawili, wamesimama kama walivyofundishwa, wananitazama mimi. Yule mama wa makamo alikuwa mbele.

"Hakuna, Mheshimiwa," nilisema. "Tumemaliza."

Alishukuru kwa heshima, akaondoka. Watu wa Misima walishuka jukwaani mmoja mmoja. Yule mama alipopita karibu nami alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Miezi mitatu umetufundisha ule wimbo, mwalimu." Hakungoja jibu. Mheshimiwa wa tamthilia yangu alibaki katika kumbukumbu za Korogwe kama mtu aliyeleta maji na kuliliwa na wanawake. Ndivyo nilivyomwonyesha; si kalamu yangu iliyofanya hivyo, ni mdomo wangu, uliposema tumemaliza.

Jumatano majina yalibandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya zamani ya shamba. Jina la mzee lilikuwa la kwanza. Nililisoma mara tatu, nikapanda baiskeli kwenda kumpongeza, lakini njiani furaha ilinipungua bila mimi kujua sababu. Nilimkuta mkewe peke yake. Alisema mzee ameitwa kuweka dole gumba kwenye karatasi za nyumba.

Nilirudi baada ya wiki chache. Kizingitini hakukuwa na mtu. Nilibisha hodi mara mbili ndipo mlango ulipofunguka nusu.

"Umepita njia gani?" mzee aliuliza.

"Ya relini."

"Kuna mtu amekuona?"

Nilisema sijui. Aliniambia kwa haraka, akiwa bado ameshika mlango, kwamba kila Ijumaa kijana mmoja huja na salamu za Mheshimiwa, huuliza hali, huchungulia ndani, huondoka. Kwamba yeye amefiwa na kaka yake huko Tabora na hakwenda, maana alipoaga, kijana alisema ngoja kwanza nikaulize, na mpaka leo hajaleta jibu. Kwamba pale msibani mtaa wa pili, juzi, Wazigua walimwita avae nguo ya marehemu wao, akasema anaumwa.

"Nyumba nimepewa," alisema. "Siwezi kusema sikupewa."

"Labda anakutania tu, mzee."

"Labda." Alitazama juu ya bega langu, kuelekea barabarani. "Usisimame hapo. Ingia."

Akaufunga mlango nyuma yangu na kuweka komeo, ingawa ilikuwa saa sita mchana na hewa ya chumbani haikuwa ya kuvutika. Mkewe alinisogezea nafasi ukingoni mwa kitanda. Tulikaa watatu gizani, tukisikiliza kama kuna miguu nje.